Niliwapatanisha wanangu kwa uongo, na mjukuu wangu anasafiri Ijumaa

Admin, naomba ufiche jina langu na miji wanayoishi wanangu. Nina miaka sabini na nane, nilifiwa na mke wangu zamani, kwetu ni Moshi lakini ninaishi Guangzhou, karibu na stesheni ya treni, eneo la Liuhua. Mpwa wangu ndiye ananiandikia haya. Ninakaa nimeegemea mito mitatu, kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Daktari hakunificha: zimebaki wiki, si miezi.

Nilikuja China nikiwa kijana kusomea uhandisi wa nguo, nikarudi nyumbani kufundisha, na nilipostaafu nikarejea huku kuwa mkalimani wa wafanyabiashara wetu kwenye maduka ya jumla ya Shisanhang. Ukalimani wa sokoni si kufikisha kila neno. Mama wa Arusha anashika blauzi anasema, "Mzee, mwambie huyu mwizi nguo yake inachuja kama majani ya chai." Mimi namgeukia laoban, yaani mwenye duka, namwambia kwa Kichina kwamba dada ameipenda sana rangi, ila anaomba uhakika ikifuliwa. Laoban anacheka, mama anapunguziwa bei, na mchana wote wawili wananinunulia chakula. Nilijivunia sana ujuzi huo, na ndio ulioniponza.

Nina watoto wawili tu, wote wako Marekani. Mkubwa nimwite Elia, yuko jimbo la kusini. Mdogo wake nimwite Neema, ni muuguzi wa wodi ya dharura huko kaskazini. Kilichowatenganisha si urithi wala wivu. Ni siasa za nchi waliyohamia, hasa suala la bunduki. Elia aliwahi kuwekewa bastola kichwani dukani kwake, polisi wakafika baada ya saa nzima. Tangu siku ile ana bunduki yake, na ukitaja sheria za kudhibiti bunduki anaona unataka afe. Neema naye alimpokea wodini mtoto wa miaka minne aliyepigwa risasi na kaka yake wakicheza chumbani. Kila mmoja akinisimulia nilimwelewa.

Ulipofika uchaguzi, Elia alisimika bango la mgombea wake mbele ya nyumba akatutumia picha. Wakapigana maneno kwenye simu ya video, mimi nikiwatazama.

"Nyie mnataka tukunje mikono tuchinjwe," Elia alisema.

"Na nyie mnapenda chuma kuliko watoto."

"Haya, mwanaharakati. Jambazi akija nitakuita uje umsomee katiba."

Neema akakata simu. Miaka minne hawakuzungumza, ila kupitia kwangu. Nikaanza kuwafanyia kazi yangu ya sokoni. Elia akisema, "Mwambie yule mwanasiasa wako heri ya kuzaliwa," mimi nilifikisha, "Kaka yako amekukumbuka leo, sauti yake ilikuwa ya upole."

Mwaka jana nilipoanza kuugua, Neema alilegea. Alitaka binti yake wa miaka sita amjue mjomba wake. Akaniambia, "Baba, niko tayari kumpeleka likizo. Niulizie kitu kimoja tu, bunduki imefungiwa? Nikiuliza mimi atasema nimemletea siasa nyumbani kwake."

Nilimpigia Elia. Lakini sikuuliza hivyo. Niliuliza kama nyumba yake ni salama kwa mtoto. Akajibu, "Baba, mwambie hakuna nyumba salama Marekani nzima kama hii." Kwa Neema nikafikisha hivi: "Imefungiwa kwenye sanduku la chuma, ufunguo anatembea nao." Hilo sanduku na huo ufunguo nilivitunga mimi.

Mtoto alikwenda, akarudi salama, amenenepa. Wanangu wakaanza kupigiana simu. Nililia kwa furaha, nikasema sasa naweza kufa.

Wiki iliyopita, mtoto akijiandaa kwenda tena kwa mjomba wake, moyo ulinisuta, nikamuuliza Elia waziwazi bunduki anaiweka wapi.

"Kwenye droo ya kitanda, Baba, na risasi zikiwa ndani. Jambazi hasubiri nitafute ufunguo."

Nikamsihi aifungie walau mjukuu akiwepo. Sauti ikabadilika. "Na wewe wamekuingiza kwenye chama chao? Kama ni Neema amekutuma, mwambie mtoto abaki huko huko." Nikaogopa. Nikasema hapana, ni maswali ya mgonjwa tu.

Juzi asubuhi nilimpigia Neema nimwambie yote. Simu ikapokelewa, nikaona nyuso mbili kwenye kioo: alikuwa amemuunganisha na kaka yake. Walikuwa wanapanga kuja wote wawili kuniona, baada ya likizo ya mtoto. Elia alikuwa anamtania kuhusu mapishi yake, naye anacheka hadi anashika ubavu.

"Baba, lile jambo letu la bunduki tumekubaliana hatuligusi tena," Neema alisema. "Wewe ulishalimaliza."

"Mzee ni bingwa," Elia akasema. "Pumzika sasa."

Nilifungua mdomo, pumzi ikakata. Wakadhani ni ugonjwa. Mpwa wangu akaichukua simu, na mimi sikumzuia.

Najua wengi mtasema niseme mara moja. Hata mimi ningemwambia mwingine hivyo. Lakini nikisema, Neema atajua nilimlaza mwanawe kando ya bunduki yenye risasi, Elia ataamini tumemfanyia njama, nao hawatakuja pamoja tena, hata kunizika. Halafu nafumba macho, naiona ile droo na mkono mdogo.

Mtoto anapanda ndege Ijumaa. Leo ni Jumanne, na sauti yangu inazidi kupungua. Ninyi wenye watoto na ndugu, nisaidieni kabla sijashindwa kabisa kusema: nianze kumpigia nani, na neno la kwanza liwe lipi?