Edah Moraa na Lami ya Nyamosongo

Watu wa Selly Oak, huko kwa Waingereza, walipenda kumtania Fanuel: mchana kutwa yeye anaunda magari kiwandani Longbridge, na mkewe anayasimamisha barabarani. Fanuel alicheka nao. Edah Moraa hakuona kichekesho. Kazi yake ilikuwa kuvusha watoto wa shule Bristol Road, asubuhi na alasiri, amevaa koti jeupe na kofia, ameshika fimbo ndefu yenye duara juu, na kwenye duara pameandikwa kwamba magari yasimame.

Aliianza kazi hiyo mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya kumfuata mumewe kutoka Kisii. Siku ya kwanza hakuthubutu kushuka barabarani. Kwao Nyamosongo gari lilipita mara mbili kwa wiki, na watoto walilikimbilia badala ya kulikimbia. Jirani yake Kulwinder, mama wa Kipunjabi aliyekuwa na watoto wawili katika shule hiyo, alimwona amesita ukingoni.

"Usitazame magari, dada," alimwambia. "Mtazame dereva machoni."

Edah akamkazia macho dereva wa lori la makaa. Lori likasimama. Kuanzia hapo hakuna mvua wala theluji iliyomfukuza barabarani, na watoto walimzoea kiasi cha kumwonyesha meno yao yaliyong'oka.

Mwaka 1976 ikaja barua ya kaka yake, Alfayo. Mama yao, aliandika, hafiki tena kanisani. Barabara imetiwa lami na yeye hataki kuivuka. Edah alidhani Alfayo anatia chumvi. Barabara ya Nyamosongo? Ile ya udongo mwekundu ambayo wanawake walianika nafaka ya wimbi katikati yake, na dereva aliyetokea alizima gari akangoja wimbi lizolewe?

Mwezi wa nane, shule zilipofungwa, alifunga safari na binti yake Kwamboka, wa miaka saba. Alfayo aliwapokea Kisii mjini kwa pikapu ya kuazima. Njiani Edah alizungumza bila kupumzika, huku akiutafuta kwa macho msitu wa mikaratusi ulioashiria kwamba nyumbani kumekaribia. Mara pikapu ikasimama kando ya kituo cha petroli.

"Tunatia mafuta?" aliuliza.

"Tumefika," Alfayo akasema.

"Tumefika wapi?"

"Nyumbani, Edah."

Aliteremka akaduwaa. Palipokuwa na mikaratusi palikuwa na safu ya maduka ya mabati, bucha mbili, mafundi cherehani wanne na mtu wa kuziba pancha. Malori ya majani chai yalipishana na mabasi yaliyojaza magunia juu. Mama yake, Kerubo, alitoka nje akapiga kigelegele, ikabidi apige tena kwa sababu cha kwanza kilimezwa na honi.

Asubuhi iliyofuata Edah aliamshwa na kelele. Mama yake alikuwa amesimama kando ya lami akimpigia kelele rafiki yake wa tangu usichana, Nyaboke, aliyeishi ng'ambo ya barabara.

"Mguu unaendeleaje?"

Lori likapita.

"Nini?"

"Mguu!"

Basi likapita.

"Ng'ombe amezaa!" Nyaboke alijibu.

Walikuwa wameongea hivyo kwa miezi minane.

Kwamboka, ambaye alikielewa Kiswahili lakini alijibu kwa Kiingereza, alitazama kushoto na kulia kama alivyofundishwa, kisha akauliza zebra, ile mistari myeupe ya kuvukia, iko wapi. Nyanya yake alilijua neno hilo moja.

"Zebra? Punda milia hapa hatuna, mjukuu wangu. Hao mtawaona kwa Wamaasai."

Edah alicheka hadi akashika mbavu, lakini moyoni ulibaki uchungu. Jumapili asubuhi alichukua ungo wa mama yake, akampa Alfayo aupigilie kwenye mpini wa jembe, kisha akaandika kwa chokaa: SIMAMA.

"Utaniaibisha mbele ya watu wa kanisa," mama alisema.

"Aibu haivunji mfupa, mama. Vaa viatu."

Alishuka barabarani, akainua ungo, akamtafuta dereva machoni. Lilikuwa lori la majani chai, nalo lilipiga honi ndefu kabla ya kusimama hatua chache mbele yake. Dereva alitoa kichwa nje.

"We mama! Nani amekupa ruhusa ya kufunga barabara?"

"Mama yangu anaenda kanisani," Edah alijibu. "Mama yako huenda vipi?"

Dereva akarudisha kichwa ndani. Kisha akazima injini.

Kerubo akashuka kwenye lami akiwa ameshika mkono wa Kwamboka, na nyuma yao watu kama ishirini waliokuwa wakisubiri nafasi. Alipofika katikati akasimama.

"Mama, twende!"

"Huyu mwanangu amenisubiri. Nimpite bila kumsalimu?" Akaenda hadi mlangoni mwa lori, akampa dereva mkono, akamuuliza habari za watoto wake mmoja mmoja. Nyuma, magari yalishajipanga hadi kwenye bucha.

Ng'ambo, Nyaboke alimpokea kwa mikono miwili. Walitazamana kwa karibu.

"Umezeeka!" Nyaboke akasema.

"Na wewe umenenepa!"

Wakakumbatiana, wakaingia kanisani wakiwa wamechelewa.

Baada ya ibada Edah alimlalamikia Alfayo kwamba kijiji chao kimeharibiwa. Alfayo alimsikiliza hadi mwisho. "Mke wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa mwezi wa tatu," alisema. "Tulifika hospitali kwa nusu saa. Wewe mama alikuzaa njiani, kwenye machela." Kabla ya kuondoka, Edah aliwafundisha wanawake watatu wa kanisa kushika ungo siku za ibada na za soko, na akawashurutisha wasicheke wakiwa kazini.

Septemba alirudi Bristol Road. Kulwinder, aliyekuwa amekubali kumshikia zamu endapo angechelewa, alitaka kusikia kila kitu, hasa kisa cha punda milia.

Kisha, mwaka 1978, Alfayo akaandika tena. Safari hii mama mwenyewe alikuwa amemwambia la kuandika. Alikuwa akiuza uji wa wimbi kando ya lami, na madereva walisimama wenyewe bila ungo. Tatizo ni kwamba uji ulipoa kabla ya saa nne. Edah amtumie chupa za chai mbili, kubwa kabisa, na zisiwe nyeupe maana zinaonyesha uchafu.

Jumamosi hiyo Edah na Kulwinder walipanda basi hadi soko la Bull Ring. Walizunguka vibanda hadi mchana wakibishana rangi. Kulwinder alitaka zenye maua ya waridi. Edah alichagua nyekundu, akazipima uzito mkononi, akamwomba muuzaji azifunge vizuri kwa magazeti, kwa sababu zinaenda mbali.