Kamba Arobaini Wasio na Vichwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kamba arobaini kwa kuwasafisha vizuri mno. Ilikuwa Ijumaa ya Januari, miaka ya tisini, katika maabara ya chuo kimoja mjini Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Nilikuwa mtu wa kidato cha nne kutoka Tanga, mwenye koti la kuazima na kipaji kimoja: kukaa ndani. Kazi isiyo na wateja wala maswali! Nikaona Mungu amenikumbuka.

Aliyenitafutia kazi hiyo alikuwa Wanjiru, mwanafunzi wa pale, mzaliwa wa Nakuru. Alinipitia nyumbani kwangu, mtaa wa Richfield, kwa gari lake akanionya njiani: "Mzee, usiniangushe. Nime-promise Mkuu wa Maabara kwamba wewe ni mtu wa bahari. Ukiharibu, hata mimi sitaaminika tena."

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. "Mzee" ulikuwa utani wake.

Mkuu wa Maabara, mama mrefu wa maneno machache, alinikabidhi sanduku la kamba walioganda. "Wayeyushe, uwasafishe, uwapange kwenye trei. Jumatatu wanafunzi watajifunza maumbile yao." Akaenda zake mkutanoni.

Sasa, ninyi vijana, kwetu kumsafisha kamba kuna maana moja tu. Shika, zungusha, ng'oa kichwa, vuta ule uzi mweusi wa mgongoni. Vichwa weka kando kwa ajili ya mchuzi. Kufika saa tisa alasiri nilikuwa na vichwa beseni hili, mikia beseni lile, na kifua mbele kwa fahari.

Wanjiru akachungulia mlangoni. "Mzee! Kwani unapikia harusi?"

Mkuu aliporudi hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Hicho ulichong'oa si kichwa tu," alisema. "Ni kichwa na kifua, vimeungana chini ya gamba moja. Miguu ya kutembelea iko hapo, jozi tano. Ndiyo maana kamba na kaa tunawaweka kundi moja, dekapoda, wenye miguu kumi. Mikia yako imebaki na vijiguu vya kuogelea. Mwiba wa usoni, ambao tunahesabu meno yake ili kujua aina, uko beseni la pili. Na ule uzi ulikuwa utumbo." Akavua miwani. "Jumatatu saa mbili nataka wanyama kamili. La sivyo, kazi hii haikufai."

Jumamosi na Jumapili nilikuwa peke yangu katika jengo zima, theluji imeziba nusu ya madirisha. Nilitafutia kila kichwa mkia wake: nililinganisha ukubwa kwanza, kisha rangi, kisha ukingo wa gamba pale linapolalia pingili ya kwanza ya mkia. Kila jozi niliifunga kwa uzi na kuirudisha kwenye jokofu. Niliwasemesha Kiswahili. Walisikiliza vizuri kuliko jirani zangu wa Richfield, ambao, kusema kweli, sikuwahi kuwabishia hodi.

Mwishoni vilibaki vichwa viwili na mikia miwili iliyokataana kabisa. Ningeweza kuilazimisha, nani angejua? Niliiweka kando na kuandika kikaratasi: "Hawa hawajuani."

Jumatatu Mkuu alikagua trei zote, Wanjiru akiuma kucha. Alipofika kwenye kikaratasi, akacheka.

"Hawa thelathini na wanane nawaamini kwa sababu ya hawa wawili," alisema. "Si mbaya."

Kwa watu wa Minnesota, "si mbaya" ni nishani.

Basi nikabaki. Kutoka chumba cha trei nilihamishiwa ghala la chupa, chini kabisa ya jengo, nikawatunza ndani ya spiriti kaa, kamba-koche, hata wale wadudu wa kijivu wanaojificha chini ya vyungu vya maua. Nao ni ndugu zao, ila wana jozi saba za miguu. Wakuu wanne walipita juu yangu. Wanjiru alihitimu, akaolewa, akahamia Apple Valley. Wanawe huniamkia kwa Kiingereza. Alinialika mara nyingi. Mara nyingi nilikuwa na mafua.

Vijana huniuliza kama najuta. Kazi niliipenda, sidanganyi. Ila nilipigania jengo lile kwa siku mbili, nikakaa ndani yake maisha yangu yote, na hakuna aliyenifungia mlango.

Wiki ya kustaafu, karani aliniletea karatasi niorodheshe wageni wangu wa sherehe ya kuniaga. Nikamwandika Wanjiru. Nikakaa na kalamu kitambo. Kisha, ili karatasi isionekane tupu, nikaandika jina langu.