Kisu cha Mkono wa Kulia

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na kitambulisho chenyewe kilikaa chini ya godoro. Watu walimwita Makali. Ungemwita lile jina jingine mbele ya kibanda chake, angegeuka nyuma kuona nani anaitwa.

Kazi yake ilikuwa kunoa visu na mikasi. Kwa maelezo yake mwenyewe, mji mzima ulikuwa na mnoaji mmoja. Waliobaki walikuwa wanachubua chuma. Mashine aliiunda kwa baiskeli mbovu: akikanyaga, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, na mdomo wake nao unaruka nazo. Wauza nyama walimletea visu, washonaji mikasi, na kila mmoja aliondoka na makali mapya na hadithi ambayo hakuiomba.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye maneno ya kugawa bure, alikuwa na neno moja lililomshinda: asante. Mkewe alipofariki, dada mdogo wa Makali ndiye aliyeshika sufuria. Miaka sita, kila siku ya Mungu, bakuli lenye mfuniko lilifika kibandani likiwa bado linafuka moshi. Makali alikula, akalamba vidole, akasema chumvi imepungua. Bakuli likarudi tupu. Neno halikurudi nalo.

Mwaka aliotimiza miaka sitini na minne, neno hilo lilianza kumsumbua. Akaona heri asiliseme, alitoe kwa mkono. Na Makali angetoa zawadi gani kama si kisu? Tena alikuwa na aibu yake ya siri. Alinoa visu vya watu asiowajua, lakini cha dada yake hajawahi kukigusa. Kila alipomwambia, "Kilete nikitie adabu," dada alijibu, "Bado kinakata, kaka," na kukifunika kwa kitambaa. Makali akaamini ni uungwana wa kutotaka kumchosha.

Basi Ijumaa alifunga kibanda mapema, akavaa shati la mikono mirefu, akaingia duka la vyombo vya jikoni. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimpangia visu kumi na viwili mezani. Akajuta.

Hapo, tuseme ukweli, hakukuwa na wa kumfundisha. Alikilaza kila kisu juu ya kidole kimoja, pale bapa linapokutana na mpini, aone kama kinatulia au kinaanguka. Alifumba jicho moja akatazama urefu wa makali kama mtu anayechungulia bomba. Alikipiga kwa ukucha na kusikiliza. Alitafuta kile ambacho chuma chake kimepita ndani ya mpini hadi mwisho, si kile kilichochomekwa kidogo kama jino la bandia.

"Baba, unanunua kisu au unaposa?" mama wa duka alimuuliza.

"Mama yangu, kuposa nilimaliza kwa nusu saa."

Alibaki na kimoja. Kipana kisigino, ncha imepinda kiasi ili kibembee ubaoni, mpini mweusi wenye misumari mitatu. Bei ilimfanya akohoe, lakini alikohoa kiume.

"Atakayekitumia ana mkono mdogo au mkubwa?" mama wa duka aliuliza. "Na ni wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kulia," Makali alisema, kifua mbele. "Alizaliwa wa shoto huyo. Nikamnyoosha mwenyewe, tukiwa watoto. Leo huwezi kujua."

Mama wa duka alivaa miwani, akamtazama, akakifunga kisu kwenye karatasi.

Angekwenda nacho moja kwa moja kwa dada yake, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Makali hangeweza kutoa makali yaliyotiwa na kiwanda. Ni sawa na mpishi apeleke wageni chakula cha kununua. Alirudi kibandani, akaketi mashineni. Kisu kilikuja kimenolewa pande zote mbili sawasawa, kama kisu chochote cha dukani. Yeye aliamua kukipa heshima aliyokuwa akiwapa wakata samaki wa hotelini peke yao: upande mmoja akaulaza bapa kabisa, upande wa pili akaunoa kwa mteremko mrefu. Kisu cha hivyo, kwenye mkono wa kulia, kinakata kipande chembamba hadi unaona kiganja chako ng'ambo. Kwenye mkono wa kushoto hakifai. Kinakimbia, kinapotoka, kinajichimbia pembeni. Kila mnoaji anajua. Alifanya kazi asubuhi nzima ya Jumamosi, akamalizia kwa jiwe la maji, akanyolea nywele za mkono wake kuhakikisha. Hakuwahi kunoa vizuri hivyo maishani mwake. Na hilo ndilo linalouma.

Jumapili alifika jikoni kwa dada yake na karatasi yake kwapani. Dada alikuwa amekaa na beseni la vitunguu, na binti yake wa mwisho, aliyekuwa amekuja likizo kutoka kazini kwake benki, alikuwa anaosha masufuria.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Benki hawakulishi? Shingo imekuwa ya twiga."

Dada alifungua karatasi polepole. Aliposhika mpini, uso wake ukawa wa msichana. "Kaka," alisema. "Hiki ni changu mimi?"

"Hapana, ni cha jirani. Kata, mama, tuone."

Dada alifuta mikono kwenye kanga. Alichukua kitunguu kwa mkono wa kushoto, kisu kwa wa kulia, akakata. Akatulia. Akakata tena, kiwiko kimenyanyuka, kidole kimekakamaa mgongoni mwa kisu. Kipande kimoja kinene, kimoja chembamba.

Makali akacheka. "Mbona unakikata kama unakiomba ruhusa? Uzee umekufikia kabla yangu?"

Binti naye alicheka, bila ubaya wowote, mgongo ukiwa bado umewaelekea. "Mjomba nawe! Si ni wa shoto? Kwa kushoto mama anamaliza beseni hilo kabla hujavua viatu. Ukiwepo wewe tu ndiyo anabadilisha. Ndiyo maana siku ukija tunakula saa tisa."

Bomba liliendelea kumwaga maji. Binti aligeuka, akaona nyuso, akalifunga.

"Anabadilisha nini?" Makali aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

Utotoni, mama yao alikuwa amempa Makali, mtoto wa kwanza, kazi ya kulinda mkono ule. "Ukiuona unatokea, upige." Na yeye aliulinda, tena kwa bidii kuliko alivyotumwa. Alijificha nyuma ya mlango na mwiko, akisubiri. Mdogo wake alikuwa na miaka sita. Vifundo vya vidole vilivimba, na mama akamsifu Makali mbele ya wageni kwamba ni mtoto mwenye akili. Baada ya mwaka mmoja mkono haukutokea tena. Alijihesabu ameshinda. Hadithi hiyo ameisimulia kibandani mara ngapi, cheche zikiruka, watu wakicheka!

Kumbe mkono haukwenda popote. Ulikuwa unamsubiri aondoke.

Akaelewa na habari ya kisu cha zamani, kwa nini hakikuletwa kunolewa. Chuma kilichotumika huonyesha mkono uliokitumia. Angekitazama mara moja tu angejua. Dada alikificha miaka yote hiyo, kama mtu anayeficha barua.

"Nipe," alisema, akinyoosha mkono. "Nimekinoa vibaya. Nikigeuze upande wa pili, kesho utakuwa nacho."

"Chuma kilichotoka kinarudi, kaka?"

Hakijawahi kurudi. Angekinoa upya, kingebaki chembamba kama ubavu wa panzi.

"Basi ukate kwa kushoto," alisema. Sauti ilitoka ndogo hadi binti akamtazama. "Hata kama kinapotoka. Nataka nikuone tu. Sitasema kitu."

Dada alihamisha kisu. Mkono wa kushoto ulikishika vizuri, kama mtu aliyefika kwake. Kikagusa kitunguu. Kikakaa pale. Mwanamke huyo wa miaka hamsini na tisa, bibi wa wajukuu wawili, akainamisha kichwa akacheka kicheko cha aibu.

"Hautaki," alisema. "Mimi nimeshasahau, kaka, kweli kabisa. Huu mkono tu ndio bado unakuogopa."

Alikiweka kisu chini, akakifuta, akampa binti yake. "Wewe ni wa kulia. Kitakufaa sana. Mjomba wako amekinoa vizuri mno."

Binti alikipokea kwa mikono miwili, hajui atazame wapi.

Makali alitafuta mzaha. Alikuwa nao siku zote mfukoni, kama wengine wanavyokuwa na kiberiti. Safari hii hakupata. Alitaka kusema lile neno alilolijia, lakini sasa asante peke yake ilikuwa haitoshi, na samahani ilikuwa nzito zaidi. Akabeba kigoda, akatoka uani, akakaa ameupa mlango wa jikoni mgongo.

Nyuma yake alimsikia dada akimwambia binti amletee kile kisu cha zamani. Halafu ukaanza mlio wa ubao, mwepesi, wa haraka, usiokatika, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Hajawahi kusikia mtu akikata hivyo, na amewajua wapishi wa mahoteli. Shingo ilimwomba ageuke. Alishika magoti yake kwa nguvu, akabaki anatazama ukuta wa jirani hadi alipoitwa kula.