Bibi Asiyemjua Pweza

Tangu binti yake ahamie Maskati na familia, Bi Fakhriya amebaki peke yake ghorofani, juu ya duka la vitambaa la marehemu mumewe. Kariakoo nzima inapiga kelele chini ya dirisha lake, wauza mashuka, wasukuma mikokoteni, honi, na katika kelele zote hizo hakuna anayemwita yeye. Upweke wa mjini una dharau.

Kila Ijumaa baada ya alasiri mjukuu wake, Rawan, humpigia simu. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, umekula, nimekula, kwaheri. Mtoto hana kosa. Maneno yakiisha yameisha. Bibi mtu ndiye hushinda wiki nzima akiyangoja.

Ijumaa hii simu ilimkuta jikoni akimtwanga pweza kwa mchi ili alainike. Akaiweka spika, kando ya sinia.

"Nilikuwa na kazi ya shule, bibi. Kulinganisha bakteria wa kwenye udongo na pweza. Nimeshamaliza. Haya, kwa…"

"Ngoja! Pweza ndiyo nini?"

Alijishangaa mwenyewe. Amepika pweza wa nazi tangu mama yake Rawan hajazaliwa, na hivi sasa mkono wa pweza umemnata kiganjani.

Rawan akacheka, akaeleza. Pweza ana mikono minane na mioyo mitatu. Bakteria hana hata mmoja. Hujigawa tu, mmoja wawili, wawili wanne.

"Hana mama wala bibi."

"Masikini!"

"Lakini hakai peke yake. Kijiko kimoja cha udongo kina bakteria wengi kuliko watu wa Dar nzima. Pweza ndiye anaishi mwenyewe pangoni. Mama pweza analinda mayai bila kula. Watoto wakitoka, wanachukuliwa na maji, naye anakufa."

Bi Fakhriya akauweka mchi chini. Ilimuuma, tena sana.

"Na watoto hawarudi kumwona?"

"Hawarudi." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini bibi, si ulitupikia pweza tulipokuja Idi?"

Amekamatwa.

"Nimesahau, mwanangu. Uzee huu."

Uongo mtupu. Huyu hasahau hata jina la paka wa jirani aliyehama zamani. Bi Fakhriya akafumba macho kuingoja kwaheri ya Rawan. Akasikia kiti kikivutwa, mtoto akikaa.

"Basi naanza upya, bibi," Rawan akasema, taratibu. "Pweza anaishi baharini."