Kinyaa cha Shangazi

Kosa langu, la kijinga kabisa, ni kuutangazia mtaa mzima kwamba shangazi ananichukia, kisa koti.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikafurika mnadani. Upepo wa Singida wa mwezi wa saba haumwachi mtu, seuze mimi, ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi jikoni. Nikanunua koti zito la sufu. Nilipoingia nalo nyumbani kwetu Unyambwa, shangazi aliyenilea aliweka mwiko chini.

"Hilo si kafa Ulaya?"

"Ni koti tu, shangazi."

"Nguo ya marehemu hugawiwa na ndugu zake, matanga yakiisha. Hilo wewe nani kakugawia?"

Nikacheka. "Mwenyewe hajalidai."

"Bado," akasema.

Tangu siku hiyo hakula nami sahani moja. Shikamoo yangu aliiitikia, marahaba kamili, ila kutoka mlangoni. Nami, na kidato cha nne changu, nikachagua neno kubwa kuliko yote: chuki. Kinyaa nilikijua, kinakaa tumboni, sababu ikiondoka nacho kinaondoka. Kinyongo kinahifadhiwa kama mbegu. Lakini chuki ndiyo iliyonifaa, maana anayechukiwa halazimiki kufanya lolote.

Shangazi akahamia Mungaa kwa binti yake. Alisema tu, "Ukilitoa, nifuate."

Sikulitoa. Mvua ikinyesha lilinuka tumbaku, na nyumbani kwetu hakuna mvutaji. Kuna asubuhi nililikuta msumarini limejaa mabega, kana kwamba mwenyewe kalivaa akanipa mgongo. Tukaishi hivyo chumba kimoja, kila mmoja kamnunia mwenzake, mimi nikingoja shangazi achoke kunichukia arudi.

Habari za msiba wa shangazi zikanikuta ndani, kama kawaida yangu. Matanga yalipoanuliwa kule Mungaa, wazee walinikabidhi shuka lake. "Alisema hili ni la kwako." Sijajifunika hata mara moja. Nikiligusa tu, kuna kitu kinanirudisha nyuma, na hicho sijakipatia neno.

Juzi nilimuuliza jirani yetu, mama aliyemjua shangazi kuliko mimi, kama kweli yule alinichukia. Hakuacha kupepeta alizeti yake.

"Mungaa siyo Ulaya, wewe. Ungelivua ukaenda."