Nywele za Mtoto Haziachwi

Juzi nilimwona kinyozi mmoja wa Donholm, hapa Nairobi, akifagia nywele za wateja wote pamoja, na hakuna aliyeuliza zinapelekwa wapi. Mimi nilijiuliza hadi nikafika nyumbani.

Utotoni, pale Tassia, Mama alininyoa kwa makasi mlangoni petu, kwenye korido iliyonuka dagaa wa omena na mafuta ya taa. Nywele zilizoanguka aliziokota zote na kuzifunga kwenye gazeti ili azichome.

“Nywele za mtoto haziachwi,” aliniambia. “Watu si wazuri.”

Alasiri moja jirani mpya, Mama Brayo, alipita na ndoo ya takataka.

“Kumbe umefungua kinyozi, Mama Steve? Nipe hizo nitupe, naenda chini.”

“Wacha tu, dada. Nitatupa mwenyewe.”

Mama Brayo alicheka, akanipapasa kichwa. Muda si mrefu kichwa kikaanza kuniuma, nikajua ameniroga.

Jioni alituletea chapati za moto. Zilinukia nyumba nzima, lakini hatukuzigusa. Siku hizi nadhani alikuwa mpweke tu, akitafuta rafiki kwenye ploti ile ya wapangaji, ingawa sina hakika. Mama alimrudishia sahani ikiwa imeoshwa, akamshukuru kwa upole, na tangu hapo akawa ananinyoa ndani, mlango ukiwa umefungwa.