Kimya Alichoniomba Afedra

Kaka yangu Afedra aliendesha lori la maji kati ya Arua na Koboko kwa miaka kumi na mmoja. Huko Koboko alifanya kazi na fundi wa pampu kutoka Sri Lanka, mfuasi wa Buddha, akajifunza kwake kukaa kimya kila alfajiri. Misa akaacha. Mimi nikaendelea kumwombea.

"Kwa hiyo ukifa utazaliwa mbuzi?" nilimtania siku moja tukipanda muhogo hapa kwetu Vurra.

Akainua kipande cha mti wa muhogo tuliokuwa tukipanda. "Dada, huu ni muhogo wa mwaka jana?"

"Ule tulikula."

"Basi ni mwingine kabisa?"

Nikaendelea kuchimba. Alisema hakuna roho inayohama kama mpangaji; ni matendo na mawazo tu yanayoota tena. Tena akili haiachani na mwili mara moja, hata pumzi ikikatika. Ugonjwa wa ini ulipomzidi, akaniomba: "Usilie kwa muda wa saa nane. Mtu asiniguse. Kelele zitanivuruga njiani."

Kwetu mtu akifa, dada yake hutoka uani papo hapo akapiga ukelele wake mwenyewe, ambao majirani wanaujua kama jina. Ndio unaowaita msibani. Anayenyamaza, watu husema ana mkono katika kifo.

Afedra alifariki Jumanne, saa moja asubuhi. Nilifunga mlango, nikaketi, leso mdomoni.

Saa tano jirani yetu Hajara alikuja kuomba chumvi, akachungulia dirishani.

"Mzee iko lala?"

"Amekufa."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Aliomba nisilie kwanza."

"Maiti iko omba?" Akanitazama sana. "Na wewe iko kaa tu hapo, kama mchawi."

Akaondoka bila chumvi. Nilitamani kumkimbilia. Niliogopa pia kwamba Mungu ataona kimya changu ni kumkana. Nikashika kiti kwa mikono miwili.

Saa tisa nikatoka, nikapiga ukelele. Ulifika hadi barabara ya malori ya Kongo. Nikarudia mara tatu. Uani kwa Hajara wanawake walikuwa wamesimama pamoja, wakinitazama. Hakuna aliyevuka ua.

Nikarudi ndani, nikachota maji, nikaanza kumwosha peke yangu. Nilimwambia saa zake zimetimia zote. Alikuwa mzito, ilinibidi kupiga magoti kitandani ili nimgeuze.